Ken Aston

Kenneth George Aston (Colchester, Uingereza, 1 Septemba 1915 – 23 Oktoba 2001) alikuwa mwalimu na refa wa mpira wa miguu. Anakumbukwa hasa kwa kubuni kadi ya njano na kadi nyekundu, ambazo leo hutumika katika mpira wa miguu duniani kote, kuanzia fainali za Kombe la Dunia hadi mechi za vijiji vya Kibiti na delta ya Rufiji.

Maisha ya awali

Aston alisoma Ilford, kisha akapata mafunzo ya ualimu katika Chuo cha St Luke's, Exeter. Alifuzu urefa mwaka 1936. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la anga lilimkataa kwa sababu ya kifundo cha mguu kilichoumia, akaingia jeshi la mizinga na baadaye Jeshi la India la Waingereza. Alimaliza akiwa na cheo cha luteni kanali, akiwa ametumikia pia mahakama ya Changi, Singapuri, iliyosikiliza kesi za jinai za kivita.

Mwaka 1946 alirudi uwanjani. Alikuwa wa kwanza katika ligi ya Uingereza kuvaa sare nyeusi yenye ukosi mweupe, na mwaka 1947 alianza kuwapa washika vibendera bendera za rangi kali zinazoonekana hata kwenye ukungu. Mwaka 1953 akawa mwalimu mkuu wa shule ya Newbury Park. Kazi hizo mbili alizifanya pamoja kwa miaka mingi, na haishangazi: mwenye kutuliza darasa na mwenye kutuliza wachezaji 22 wana shida moja, nayo ni kueleweka mara moja na kila mtu.

Mechi ya Santiago, 1962

Katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 nchini Chile, Aston alichezesha mechi ya ufunguzi kati ya Chile na Uswisi, akaimudu vizuri. Ndipo akapewa mechi ya Chile na Italia, tarehe 2 Juni. Hasira zilikuwa zimeanza kabla ya mpira: waandishi wa Italia walikuwa wameandika mambo ya kuudhi kuhusu jiji la Santiago, na magazeti ya Chile yakajibu.

Rafu ya kwanza ilitokea sekunde chache baada ya mpira kuanza. Aston alimtoa Giorgio Ferrini wa Italia, lakini Ferrini aligoma kutoka hadi polisi walipomwondoa. Leonel Sánchez wa Chile alimpiga ngumi Mario David na hakutolewa. Baadaye David akalipiza kwa teke, akatolewa yeye. Polisi waliingia uwanjani zaidi ya mara moja. Chile ilishinda 2–0. Waitalia walimlaumu Aston vikali, na kuhusu ngumi ya Sánchez lawama hiyo ilikuwa na msingi. Hakuchezesha tena mechi katika mashindano hayo, kwani pia aliumia mguu. Hata hivyo mwaka 1963 alichezesha fainali ya Kombe la FA.

Wembley na kuzaliwa kwa kadi

Aston aliingia katika Kamati ya Marefa ya FIFA, na katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 alisimamia marefa. Tarehe 23 Julai, Uingereza ilicheza na Argentina kwenye robo fainali. Refa Rudolf Kreitlein, Mjerumani, alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Wawili hao hawakuwa na lugha moja. Rattín alionyesha kitambaa chake cha unahodha akitaka mkalimani, akakataa kutoka, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa. Aston mwenyewe alilazimika kushuka kusaidia kumshawishi.

Magazeti yaliripoti pia kwamba Bobby na Jack Charlton walikuwa wameonywa, nayo timu ya Uingereza ikaomba ufafanuzi kutoka FIFA. Yaani hata waliocheza hawakuwa na hakika nani ameonywa. Watazamaji ndiyo kabisa.

Akiendesha gari kutoka Wembley huku akilitafakari jambo hilo, Aston alisimamishwa na taa za barabarani katika mtaa wa Kensington High Street. Taa ya njano humwambia dereva ajihadhari, nyekundu humwambia asimame, na hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Inasimuliwa kwamba mkewe, Hilda, ndiye aliyemkatia kadi za kwanza za karatasi.

Kadi zilitumika kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Katika mechi ya ufunguzi, Kakhi Asatiani wa Umoja wa Kisovyeti alionyeshwa kadi ya njano. Nyekundu haikutolewa hadi mwaka 1974, ilipomwangukia Carlos Caszely wa Chile. Makocha walibaki kuonywa kwa mdomo tu kwa muda mrefu. Sheria za mchezo ziliruhusu waonyeshwe kadi mwaka 2019.

Miaka ya mwisho

Aston alihusika pia na kuanzishwa kwa refa wa akiba na ubao wa namba wakati wa kubadilisha wachezaji. Uzeeni alifundisha marefa nchini Marekani, wengi wao wa mpira wa watoto. Mwaka 1997 alipewa nishani ya MBE. Alifariki akiwa na umri wa miaka 86.