Marcel Lihau, mwalimu wa katiba aliyelipia msimamo wake

Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 iliitaja Maniema kati ya majimbo 21 ya Kongo. Kwa wakaaji wa Punia, maana yake ilikuwa kuongozwa kutoka Kindu, si tena kutoka Bukavu. Kati ya wanasheria walioiandaa katiba hiyo alikuwemo Marcel Lihau.

Lihau alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Équateur. Wakati Wakongomani waliofika chuo kikuu wakiwa wachache sana, yeye alisomea sheria huko Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1960, kabla ya kumaliza masomo, alipewa idara ya sheria katika serikali ya wasomi vijana ambayo Mobutu aliiweka baada ya kuwasimamisha Kasa-Vubu na Lumumba. Mwaka 1963 akawa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lovanium.

Mgogoro wa 1960 ulikuwa na mzizi katika maandishi. Sheria ya Msingi ilipitishwa na bunge la Ubelgiji, ikaiga mfumo wa huko wa mkuu wa nchi na waziri mkuu. Ubelgiji, mfalme anafuata desturi za miaka mingi. Kongo haikuwa na desturi hizo, na mwezi Septemba Rais na Waziri Mkuu wakafutana kazi.

Tume ya katiba ilianza kazi Januari 1964 huko Luluabourg, leo Kananga, Joseph Iléo akiwa mwenyekiti na Lihau katibu. Andiko lao lilimpa Rais uwezo ulio wazi juu ya Waziri Mkuu, likayapa majimbo mamlaka yao na kupanga Mahakama ya Katiba. Wananchi waliipitisha kwa kura ya maoni, ikatangazwa tarehe 1 Agosti. Siku chache kabla, waasi wa Simba walikuwa wameuteka Kindu.

Novemba 1965 Mobutu alitwaa madaraka. Mwaka uliofuata majimbo yakapunguzwa, Maniema ikarudishwa ndani ya Kivu.

Mwaka 1968 Lihau akawa Rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Sheria. Mwaka 1975 alikataa kutekeleza amri ya kuwaadhibu vikali wanafunzi walioandamana. Alifutwa kazi na kuzuiliwa nyumbani kwake. Baadaye aliingia katika upinzani pamoja na waanzilishi wa chama cha UDPS, kisha akakimbilia Marekani, ambako alifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alifariki Boston mwaka 1999.

Maniema ilirudishiwa hadhi ya jimbo mwaka 1988. Mahakama ya Katiba, iliyopangwa tangu Luluabourg, ilianza kazi mwaka 2015 tu, miaka 16 baada ya kifo chake. Katiba inaandikwa kwa miezi michache. Kupata viongozi wa kuiheshimu kunachukua vizazi.