Semboja wa Mazinde na Mbio za Kukitwaa Kiti cha Vuga

Na Mwandishi Wetu, Mazinde

Msafiri atokaye Korogwe kuelekea Same huipita Mombo, na baada ya mwendo mfupi huifikia Mazinde. Kuliani mwake husimama ukuta wa milima ya Usambara Magharibi; kushotoni hutanda nyika inayoteremka kuelekea bonde la Mto Pangani, nchi ya mkonge na jua kali. Wengi hupita bila kusimama. Hata hivyo, kwa muda wa takriban miaka thelathini, katika nusu ya pili ya karne ya 19, mahali hapa tambarare ndipo palipoamuliwa nani aketi katika kiti cha enzi kule juu Vuga, nani alime kwa ajili ya nani, na nani ateremshwe pwani akiwa amefungwa kamba.

Aliyekuwa na uamuzi huo ni Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Jina lake bado linatajwa Usambara, aghalabu kwa sauti mbili: ya wanaomsifu kwa werevu wake, na ya wanaomlaumu kwa maangamizi yaliyoifika nchi. Makala haya hayakusudii kuwapatanisha.

Ili kuelewa alichokitafuta Semboja, ni lazima kwanza kuelewa kiti chenyewe kilikuwa na nini. Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, huihesabu asili yao kutoka kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu katika karne ya 18, akapendwa na Wasambaa kwa kuwaua nguruwe walioharibu mashamba na kwa kuwagawia nyama. Mtawala wa Vuga aliitwa Simba Mwene. Aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua, naye alipokea kodi ya mifugo, vyakula na, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa, kodi ya kazi za mikono. Watu walilima mashamba yake, walijenga nyumba za mji wake na walibeba mizigo yake. Asiyeweza kulipa faini nzito aliyotozwa barazani angeweza kujikuta yeye au mwanawe akiishi Vuga kama mtumwa wa mfalme. Haikuwa hali ya kutamanika, lakini aliyeingia utumwani kwa njia hiyo kwa kawaida alibaki nchini, akila chakula cha nchi na kusikia lugha yake.

Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha utawala. Mtawala mwema ni yule aliyeweza kuiponya nchi, kwa Kisambaa kuzifya shi: mvua ikanyesha kwa wakati, migomba ikazaa, njaa ikakaa mbali. Kinyume chake ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Na katika fikra zao, nchi haikuharibika kwa sababu tu ya mfalme mbaya. Iliharibika pia wakati watawala wawili wenye nguvu sawa walipovutana, kwa kuwa mvua ya mmoja ilizuiwa na uwezo wa mwingine. Kwa hiyo ushindani wa kiti haukuwa jambo la wakubwa peke yao. Mkulima wa Bumbuli au Mlalo aliuhesabu katika chungu chake.

Kimweri ye Nyumbai alitawala kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Richard Burton na John Speke walimkuta mwaka 1857 akiwa mzee aliyechoka. Mamlaka yake yalivuka milima na kufika Bonde, hadi karibu na pwani. Huko alipakana na mamlaka ya Sultani wa Zanzibar. Njia yake ya kuishika nchi kubwa namna hiyo ilikuwa kuwaweka wanawe kuwa watawala wa sehemu mbalimbali. Baadhi ya wana hao walijifunza dini ya Kiislamu na kusoma, na wakaizoea pwani na biashara yake kuliko baba yao. Semboja alikuwa wa kizazi hicho.

Mwana aliyetarajiwa kurithi, Mnkande, alikufa kabla ya baba yake. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu, Shekulwavu mwana wa Mnkande. Hapa ndipo palipokuwa na ufa. Kwa desturi, Simba Mwene mpya aliimarisha utawala wake kwa kuwaweka wanawe mwenyewe katika sehemu za nchi. Shekulwavu alikuwa kijana; hakuwa na wana wazima wa kuwatuma. Sehemu hizo zilikuwa mikononi mwa baba zake wadogo, watu wa makamo, wenye majeshi, mifugo na wafuasi wa miaka mingi. Kijana alikuwa na kiti, wazee walikuwa na nchi.

Semboja hakuwa na haja ya kubishana na urithi. Alifanya jambo ambalo kwa macho ya wakati ule lilionekana la ajabu: aliiacha milima, ambako heshima yote ya Wakilindi ilikuwa, akajenga makao yake Mazinde, chini nyikani. Mkilindi wa kale aliiogopa nyika. Ilikuwa na Wamaasai, homa na ukame. Milimani kulikuwa na ubaridi, maji na migomba. Lakini Semboja aliona kilichokuwa kikipita nyikani. Misafara ya pwani iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu ilifuata bonde la Mto Pangani, na ilikuwa lazima ipite karibu na mlango wake. Misafara hiyo ilihitaji chakula, maji, wapagazi na amani ya njia. Ilileta nguo, baruti na bunduki. Semboja aliketi pale pale ambapo vitu hivyo vyote vilibadilishana mikono.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kuhama huko ndiko kampeni yake yote. Vita vilivyofuata vilikuwa matokeo tu. Mtu mwenye gobori mia kadhaa hakuhitaji tena kusubiri wakulima wamletee ng'ombe wa kodi. Aliweza kuwalipa wapiganaji kutoka nje ya nchi, nao hawakuwa na kiapo kwa Vuga wala hofu ya mvua ya Simba Mwene. Wazigua, waliotangulia kupata bunduki kutoka pwani, walikuwa wamekwisha kuonyesha jinsi silaha hizo zilivyoweza kupindua mizani ya zamani. Semboja alijifunza somo hilo kuliko ndugu zake wote. Alivaa mavazi ya pwani, alizungumza Kiswahili, aliwakaribisha wafanyabiashara na kuwaweka waandishi karibu naye.

Mmoja wa waliowahi kumtumikia ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambaye baadaye aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapishwa na wamisionari wa Magila katika Bonde na kutolewa upya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Msomaji anapaswa kukumbuka jambo hilo anapokisoma: sehemu ya tunayoyajua kuhusu Semboja tumeyapokea kutoka kwa mtu aliyekula chumvi yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1860, mgogoro ulipasuka. Semboja, akisaidiwa na wapiganaji Wataita pamoja na wengine aliowakusanya, alimshambulia mwana wa nduguye, na mji wa Vuga ukatekwa na kuchomwa moto. Shekulwavu alikimbilia mashariki, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Wakati huo huo Wabondei, waliokuwa wameitumikia Vuga kwa kodi na kazi, waliinuka dhidi ya Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Wengine waliuawa, wengine walifukuzwa. Uasi huo unajulikana kwa jina la Kiva. Bonde haikurudi tena chini ya Vuga. Semboja alishinda, lakini himaya ya baba yake ilikuwa imekatika vipande.

Aliposhinda, hakupanda kuketi juu ya kiti. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, awe Simba Mwene huko Vuga, naye akabaki Mazinde. Mwana alikuwa na jina, ngoma na matambiko. Baba alikuwa na baruti. Wapo wanaoeleza jambo hilo kuwa ni unyenyekevu. Ukiangalia ramani ya njia za biashara, maelezo mengine yanatosha: ambaye angeiacha Mazinde angeiacha hazina yake.

Upande wa mashariki, Kibanga, nduguye Shekulwavu, aliendeleza upinzani, na vita viliendelea kwa vipindi hadi kuja kwa Wajerumani. Kwa kipimo cha kuzifya na kubana, Wasambaa walikuwa na jibu lao. Watawala wawili walivutana, na nchi ikabanwa.

Hata hivyo, gharama kubwa ya ushindi huo haikuwa mvua bali watu. Bunduki na baruti zililipiwa kwa pembe za ndovu, lakini pembe hazikutosha, na ndovu hawakungoja. Bidhaa nyingine iliyopokelewa pwani bila maswali ilikuwa binadamu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali chini ya shinikizo la Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la Zanzibar. Ungedhani kwamba jambo hilo lingewapa Wasambaa nafuu. Lakini marufuku ile ilihusu bahari; haikuyafunga mashamba ya miwa ya Pangani, yaliyokuwa yakipanuka katika miaka hiyo hiyo na kuhitaji mikono mingi ya kukata na kusaga. Kutoka Mazinde hadi Pangani hakuna bahari ya kuvuka.

Hivyo uhusiano wa mtawala na nguvu kazi ya nchi yake ukabadilika kutoka katika mizizi. Chini ya Kimweri wa zamani, mtu mwenye nguvu alikuwa mali kwa mfalme kwa sababu angelima mwaka huu, na mwakani, na wanawe wangelima baada yake. Katika miaka ya vita, mtu yule yule alikuwa na thamani zaidi akiuzwa mara moja, kwa sababu bei yake ilinunua silaha za kumlinda mtawala dhidi ya mpinzani ambaye naye alikuwa akiuza. Kosa dogo barazani, deni, tuhuma ya uchawi, kutekwa njiani: vyote viliweza kuishia pwani. Si Semboja peke yake aliyefanya hivyo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na mlango mkubwa kuliko wote.

Mwaka 1888, pwani ilipowaka moto dhidi ya kampuni ya Kijerumani, wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa Usambara. Mizigo ya msafara wao iliporwa na watu wa Semboja, na wao wenyewe, walipoteremka kuelekea Pangani, wakakamatwa na wapiganaji wa Bushiri bin Salim, wakaachiliwa kwa kulipiwa fidia. Bushiri alinyongwa mwaka 1889. Semboja alipima upepo tena, kama alivyowahi kuupima miaka ya 1860, na Wajerumani walipofika Mazinde na jeshi hakupigana. Mwaka 1891 walijenga kituo chao hapo hapo. Hawakuhitaji kuambiwa sababu. Mahali palipomfaa Semboja kuisimamia njia paliwafaa wao pia.

Kuanzia hapo hadithi yake inakwenda haraka. Njia haikuwa yake tena, wala ushuru wake, wala baruti. Kimweri Maguvu alifariki mwaka 1893, na mwana mwingine wa Semboja, Mputa, akashika kiti cha Vuga. Mwaka 1895 Semboja alifariki. Mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga Mputa kwa shtaka la kumuua mtu aliyedaiwa kuwa na uhusiano na mmoja wa wake zake. Kwa Simba Mwene, kumwadhibu mtu wa namna hiyo kulikuwa sehemu ya madaraka yake; chini ya bendera mpya, kulikuwa kosa la mauaji. Waliokusanyika kushuhudia waliliona tofauti hiyo kwa macho yao.

Wajerumani kisha wakamweka Kinyashi kuwa mtawala wa Vuga. Kinyashi alikuwa mwana wa Shekulwavu, yule kijana aliyefukuzwa na Semboja. Baada ya takriban miaka thelathini, kiti kikawa kimerudi kwenye nyumba kilikotolewa, ila sasa kilikuwa na uzito mdogo sana. Kinyashi alikaa nacho hadi mwaka 1902, akakiacha.

Walowezi walikwisha kufika milimani na bondeni, na reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Mashamba ya wageni yakahitaji mikono, kama ya Pangani yalivyohitaji kabla yake. Mwaka 1907, katika wilaya ambayo wakati huo iliitwa Wilhelmstal na ambayo makao yake ni Lushoto ya leo, serikali ya kikoloni ilianzisha utaratibu wa kadi: kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kufanya kazi kwa mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ikajazwa siku moja baada ya nyingine.