Padre Marin Mersenne na Namba Tasa

Watoto wetu hapa Makumira hufundishwa kwamba namba tasa, kama 7 au 31, hugawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Katika historia ya namba hizo tunakutana na padre, Marin Mersenne, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1588. Alisoma kwa Wajesuiti, akajiunga na Shirika la Waminimi mwaka 1611, na katika nyumba yake ya kitawa jijini Paris aliwaandikia barua wataalamu wa Ulaya, ili ugunduzi wa mmoja uwafikie wengine.

Mwaka 1644 alitoa orodha ya namba tasa zipatikanazo kwa kupandisha 2 katika kipeo fulani, kisha kutoa 1. Alifariki mwaka 1648, orodha ikiwa haijahakikiwa yote. Baadaye ilidhihirika kwamba vipeo 67 na 257 havikustahili kuwamo, na kwamba 61, 89 na 107 vilikosekana. Lakini mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kipeo cha 127, chenye kuzaa namba ya tarakimu 39. Namba tasa za aina hiyo zingali zikiitwa kwa jina la Mersenne. Iliyogunduliwa mwaka 2024 ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Basi tusiogope kusahihishwa. Auwekaye ukweli mbele ya wenzake wauchunguze, huutumikia hata pale anapokosea.