Mwanakemia Aliyewafaa Akina Mama

Vincent du Vigneaud alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1901. Alisomea kemia Illinois, akapata shahada ya udaktari Rochester mwaka wa 1927. Baadaye akafundisha New York, katika chuo cha udaktari cha Cornell.

Huko alichunguza oksitosini, homoni inayokaza mji wa mimba mama anapojifungua. Imeundwa kwa asidi amino 9 tu, na yeye na wenzake waligundua zilivyopangwa. Lakini kuziunganisha ndiyo ilikuwa kazi! Kila moja ina mikono miwili au zaidi, na ukiziacha hivi hivi zitashikana ovyo. Basi walifunika mkono usiotakiwa, wakaunganisha ule mwingine, halafu wakafunua. Mwaka wa 1953 walifaulu, na mwaka wa 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka wa 1978.

Wenzangu, kazi hiyo imefika hata hapa Sirisia. Dada yangu alipojifungua mwaka jana, muuguzi alimdunga sindano ya oksitosini ili asivuje damu nyingi. Leo mama mzima, mtoto mzima. Wengi wetu husema eti kemia haina faida. Mimi sisemi tena.