Robert Koch na Uponyaji Uliotangazwa Mapema



Jumapili tulipitishwa kwenye Marko sura ya 8, pale Bwana alipomshika mkono kipofu wa Bethsaida na kumtoa nje ya kijiji. Wengi wetu tulishangaa jambo moja. Baada ya kumgusa, Bwana alimuuliza kama anaona kitu. Na yule mtu hakujikaza kumfurahisha mtu. Alisema ukweli, kwamba anaona watu lakini wanafanana na miti inayotembea. Bwana hakumkemea. Alimgusa mara ya pili, ndipo macho yakafunguka sawasawa.

Tukiwa bado na neno hilo moyoni, ukurasa wetu wa maisha ya watu wiki hii unamleta daktari mmoja Mjerumani, Robert Koch. Ndiye aliyekifunua kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi hapa Mikindani tunauita TB. Aliujua ugonjwa huu kuliko mtu yeyote wa siku zake. Lakini kuna mahali aliharakisha, na walioumia ni wagonjwa.

MTOTO WA MJI WA MIGODI

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz, Ujerumani. Nyumba yao ilijaa, watoto kumi na watatu, yeye wa tatu. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866.

Hakuanzia pakubwa. Kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Mchana alitibu wakulima, usiku alikaa na hadubini. Maabara yake ilikuwa sehemu ya chumba tu, imetengwa kwa pazia, ndani ya nyumba aliyokaa na mkewe Emmy na binti yao. Hapo hapo, mwaka 1876, alionyesha kwamba kimeta cha mifugo kinaletwa na kijidudu fulani, si hewa mbaya wala laana ya malisho. Watu wakubwa wakaanza kumsikiliza. Mwaka 1880 akaitwa Berlin.

TAREHE 24 MACHI 1882

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kinavuna watu Ulaya kuliko tunavyoweza kufikiria. Koch mwenyewe alikadiria kwamba katika kila watu saba waliokufa, mmoja aliondoka na ugonjwa huo. Wengi waliamini ni wa ukoo, yaani ukizaliwa katika nyumba ile, basi umeandikiwa. Binti mwenye kikohozi alikosa mchumba. Matajiri waliwapeleka wagonjwa wao milimani kupata hewa safi. Maskini waliwalaza kwenye chumba kimoja na watoto.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, mbele ya chama cha madaktari Berlin, Koch alisimama na hadubini zake na vipande vyake vya kioo. Hakuwa msemaji hodari. Hata hivyo alionyesha kijidudu chembamba mfano wa kijiti, akaonyesha alivyokitia rangi kikaonekana, alivyokiotesha, na jinsi wanyama wa maabara walivyougua alipowatia. Alipomaliza hapakuwa na la kubisha. Ndiyo maana mpaka leo tarehe 24 Machi ni siku ya TB duniani.

Mpendwa, usipite hapo haraka. Siku ile mzigo mkubwa uliondolewa juu ya mgonjwa. Kumbe hakurogwa. Kumbe si dhambi ya babu yake. Ni kijidudu kinachopita hewani mtu akikohoa, na kitu chenye jina kinaweza kutafutiwa dawa. Ile makohozi tunayopeleka zahanati kwenye kikopo, mhudumu anatafuta kitu kile kile Koch alichokiona.

DAWA ILIYOSIFIWA KABLA YA WAKATI

Miaka minane ikapita. Koch alikuwa mtu wa heshima, lakini nchi nzima ilimngoja alete na tiba. Agosti 1890, mkutano mkubwa wa madaktari wa dunia ulipokaa Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kijidudu kisikue ndani ya wanyama wa maabara. Mwezi Novemba habari ikatoka kwamba dawa imeanza kutumiwa kwa watu. Ikaja kuitwa tuberkulini.

Basi Berlin ikajaa. Wagonjwa walitoka kila pembe ya Ulaya, wengine wakibebwa, wakapanga vyumba vya wageni huku wakikohoa, wakingoja sindano. Koch alipewa heshima za mji. Magazeti yakamsifu. Wakati huo wote hakueleza dawa yake imetengenezwa na nini.

Arthur Conan Doyle, daktari Mwingereza ambaye pia ndiye mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, alisafiri Berlin Novemba hiyo hiyo. Akawatazama wagonjwa na kuwaonya watu wake nyumbani kwamba mambo bado. Januari 1891 Rudolf Virchow, bingwa wa kuchunguza maiti, akaeleza alichokikuta ndani ya miili ya waliochomwa sindano wakafa. Kwa baadhi yao ugonjwa haukuwa umerudi nyuma, ulikuwa umeenea upya. Sindano ilileta homa kali na baridi ya kutetemeka, na kwa aliyekuwa dhaifu homa ile ilitosha kummaliza. Ndipo Koch akasema dawa ni nini: mchujo wa vijidudu vyenyewe ndani ya gliserini.

Hakuwa tapeli. Alijichoma mwenyewe sindano ile, akaugua vibaya. Aliamini. Lakini imani yake kwa dawa yake ilitangulia mbele ya ushahidi. Wagonjwa waliouza vyao kufika Berlin walirudi bila pesa na bila pumzi. Na nadhani kuna kilichouma kuliko pesa. Walikuwa wameshaambiwa wamepona, na mtu aliyeambiwa hivyo anaona haya kusema bado anakohoa.

Sifa zikageuka. Koch akaondoka kwa muda kwenda Misri. Mwaka 1893 ndoa yake na Emmy ikavunjika, akaoa msichana mdogo sana kuliko yeye, na watu wakapata la kusema tena.

ALIPOKUJA KWETU

Miaka iliyofuata alisafiri sana. Alikwenda kusini mwa Afrika kupambana na sotoka ya ng'ombe, akaenda India kwa tauni. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, akachunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Mwaka 1905 alirudi Afrika Mashariki akafuatilia homa inayoletwa na papasi, wadudu ambao wazee wetu wa Pwani waliwajua vizuri kwenye vibanda vya njiani. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Safari iliyobaki midomoni mwa watu ni ya 1906 na 1907. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeangamiza watu wengi mno pande za Ziwa Victoria. Njia ya haraka ya kufika ziwani siku hizo ilikuwa reli ya kutoka Mombasa, hii hii ya zamani inayokata Changamwe. Koch alipiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, na wagonjwa wakamiminika kwa mamia. Dawa yake iliitwa Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni watu walionekana kuamka. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi kwenye damu. Koch akaongeza kipimo cha sindano.

Hapo ndipo macho yakaanza kufa. Wagonjwa zaidi ya ishirini walipofuka, na hawakuona tena. Akapunguza kipimo, lakini kwa hao ilikuwa imepita. Fikiria mvuvi wa Sese aliyeletwa kambini na ndugu zake ili apone usingizi wa mauti, akarudishwa nyumbani akiongozwa kwa fimbo.

Koch alirudi Ujerumani mwaka 1907. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Lakini Mungu hapotezi kitu. Ile tuberkulini iliyoshindwa kuponya, madaktari wengine waligundua kwamba ukiidunga kidogo kwenye ngozi inaonyesha kama mwili umewahi kukutana na kijidudu cha TB. Mpaka leo inatumika hivyo. Kilichoshindwa kuwa tiba kikawa kipimo.

SISI TUNAJIFUNZA NINI

Dawa za kweli zilikuja baada ya Koch kulala. Streptomisini ilipatikana miaka ya 1940, nyingine zikafuata. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Ni utafiti uliofanywa hapa hapa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, uliosaidia kuonyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri miezi sita inatosha. Kwa TB ya kawaida ndiyo tunayotibiwa sasa, na katika vituo vya serikali dawa hizo ni bure.

Lakini bure si rahisi. Waliopita huko wanajua. Unaamka alfajiri unameza tembe kadhaa tumbo likiwa tupu. Mkojo unageuka rangi ya machungwa, unashtuka. Viungo vinauma, miguu inawaka moto au inakufa ganzi. Dawa zinaleta njaa, na kwenye sufuria hakuna kitu. Kibarua cha bandarini au cha yadi ya makontena kinakwenda kwa mwingine kwa sababu huwezi kuinua mzigo. Nyumbani kikombe chako kinawekwa kando, watoto wanaambiwa wasikukaribie, hata pale ambapo zahanati imeshasema huambukizi tena. Kanisani kiti cha jirani kinabaki wazi. Kwa wengi hicho kiti kinauma kuliko sindano.

Naandika haya nikiwa mdeni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na TB. Miezi miwili ya dawa ilipoisha kikohozi kilikata, suruali zikaanza kunibana tena. Jumapili ya ushuhuda nikasimama nikatangaza nimepona kabisa. Shangwe ilikuwa kubwa. Sasa ningeanzaje kuonekana tena kwenye foleni ya dawa? Nikaficha tembe kabatini, nikaita hiyo imani. Haikupita miezi mitatu kikohozi kilirudi na damu, na mtoto wetu mdogo naye akaanza kukohoa. Tulianza dawa sote wawili. Leo tuko hai kwa neema. Lakini siku nilipomwona mwanangu akilia kumeza tembe zile, nilijua ni shangwe yangu aliyokuwa akiilipia. Hakuna mchungaji aliyenituma. Nilijituma mwenyewe, kwa sababu niliogopa kuonekana mtu wa kuona miti.

Hatusemi Mungu haponyi. Anaponya, tena leo. Lakini angalieni, wale wenye ukoma kumi Bwana aliwaelekeza wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kuthibitisha. Uponyaji wa Mungu hauogopi kupimwa. Hezekia aliomba na akawekewa mkate wa tini juu ya jipu. Mguso wa pili si aibu. Miezi minne ile ya mwisho, wakati mwili umeshapata nguvu na tembe zinachosha, ndiyo mguso wa pili.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu katika kanisa letu.

Kwanza, aliye kwenye dawa za TB atoe ushuhuda wa kila hatua, lakini neno la kupona kabisa lingoje dawa ziishe na makohozi yapimwe. Siku hiyo tutapiga vigelegele mara mbili.

Pili, tumuulize mgonjwa kama Bwana alivyouliza. Si kumwambia tu amepona. Unaonaje? Unalala? Umekula? Na yeye ajibu ukweli. Macho yakianza kuwa na ukungu, au rangi nyekundu na kijani zikichanganyika, au macho na ngozi vikigeuka manjano, akimbilie zahanati siku hiyo hiyo, asingoje Jumapili. Dawa inaweza kubadilishwa, jicho haliwezi. Wale wa Sese hawakupata nafasi hiyo. Sisi tunayo.

Tatu, ushirika wa nyumbani wenye mgonjwa uchange uji, unga na nauli. Kila asubuhi mtu mmoja apite, aketi naye anapomeza dawa, wanywe chai pamoja. Kikombe kisitengwe.

MAOMBI YA WIKI

Tuwaombee walio kwenye dawa, hasa waliochoka. Tuwaombee manesi na wahudumu wa maabara hapa Mikindani, Jomvu na Changamwe. Tuwaombee waliokatisha dawa kwa haya, warudi, mlango uko wazi. Na kila mmoja ajiombee kinywa cha kipofu wa Bethsaida, kinachosema kweli mbele ya Bwana.

Mbarikiwe.