Siti binti Saad: Aliyeitoa taarabu kwa Sultani akaipeleka Ng'ambo

Msikilizaji wetu wa Mpanda na Katavi nzima, tuseme kweli: taarabu ya zamani ikipigwa redioni, wengi wetu hatufiki mwisho. Ala zinatangulia sana, na maneno ni ya mafumbo. Hata Unguja kwenyewe watu wa kawaida waliiona ngumu, mpaka walipokaa mbele ya mwanamke huyu wakamsikiliza.

Siti alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Ukoo wake ulitoka utumwani, na kwa baba ni Wanyamwezi wa Tabora, majirani zetu hawa. Hakusoma shule. Alikuwa akitembeza vyungu, akivinadi kwa sauti iliyofika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko mwanamuziki Ali Muhsin akamfundisha kuimba.

Taarabu ilikuwa burudani ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri katika karne ya 19, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza kuimba Kiarabu, na matajiri walimwita majumbani kwao. Lakini usiku, nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa watu wa chini, aliimba Kiswahili, na alichoimba ni mambo yao wenyewe. Watu waliketi, wakasikiliza, wakajadiliana nani kasemwa na kwa nini.

Mfano ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliuawa, na mtuhumiwa, Kijiti, akatorokea bara. Wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Mahakama ilikwishamaliza kazi yake, lakini Ng'ambo kesi iliendelea kusikilizwa ndani ya wimbo. Kwa mtu aliyemjua marehemu, mafumbo hayo hayakuhitaji mkalimani.

Hakukosa maadui. Walimwimba kwamba hana sura wala ukoo, naye akawajibu kwa wimbo.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Zikavuka bahari hadi bara, na waliokuwa hawajamwona wakamjua. Ila santuri ya wakati ule ilibeba kama dakika 3 tu kila upande. Wimbo wa kukesha nao ukakatwa vipande, na yale mazungumzo ya Ng'ambo hayakuingia. Kwa hiyo sisi tunaomsikia leo kwenye simu tunapata kipande tu, na si ajabu kinatushinda. Ukipata nafasi ya kukaa mbele ya kikundi cha taarabu kikipiga kwa mikono yake, nenda.

Siti alifariki Julai 1950, miaka ileile reli ya kutoka Kaliua ilipokuwa ikiletwa Mpanda. Kabla hajafa, Shaaban Robert alimwendea, akaketi naye na kumsikiliza akisimulia maisha yake, kisha akayaandika kuwa kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad.