Joginder Singh: Fundi aliyefufua Volvo ya mtumba

Mashabiki wa Yanga mtusamehe, leo tunamzungumzia Simba, ila huyu ni Simba wa Barabara. Ukitoka Mwanza ukazunguka ziwa hadi Kisumu, kisha ukapanda kwenye mashamba ya chai, unafika Kericho. Ndiko alikozaliwa Joginder Singh mwaka 1932, mtoto wa mwenye gereji. Spana aliizoea mapema. Safari Rally aliingia 1959, akiwa na miaka 27.

Mwaka 1965 alikuja na Volvo PV544 iliyotumika, kama mchezaji aliyetemwa dirisha la usajili. Yeye na mdogo wake Jaswant wakaiandaa wenyewe. Wakapangiwa namba 1, yaani kuwafungulia njia wengine wote, na kwenye tope hiyo si zawadi. Wakamaliza wa kwanza, wa pili akiwa nyuma kwa dakika 100. Kipigo cha mbwa koko!

Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, dereva wa kwanza kulibeba taji hilo mara tatu. Lakini namba inayonishangaza mimi ni nyingine: Safari 22 aliingia, 19 gari lilifika mwisho. Huo ni ufundi, siyo mguu mzito tu. Alifariki London, Oktoba 2013.